Barua ya wazi kwa Gavana wa Benki Kuu na Waziri wa Fedha: Tuambieni soko gani la sarafu mtandao lina ruhusa, kabla hela za korosho hazijaingia

Mheshimiwa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania, Mheshimiwa Waziri wa Fedha, pamoja nanyi viongozi wa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, Mamlaka ya Mapato na Mamlaka ya Mawasiliano,

Shikamooni.

Mimi ni wakala wa pesa za simu hapa Magomeni, Manispaa ya Mtwara Mikindani. Kibanda changu kina meza moja, simu nne, daftari la miamala na benchi la kukaa watu watatu. Huu ni mwaka wa tisa naweka na kutoa hela za watu. Nawaandikia kwa sababu kuna swali naulizwa pale mezani ambalo si langu kulijibu, na kila ninapokosa jibu, muulizaji anakwenda kujibiwa na tapeli.

Swali lenyewe: "Dada, hili soko la kripto, kwa Tanzania linaruhusiwa?"

Anayeuliza huwa tayari ana programu kwenye simu. Ameshaonyeshwa na rafiki, ameshapiga picha kitambulisho cha NIDA na uso wake, akaunti imefunguka. Sasa anataka kutuma laki mbili, laki tano, msimu ukichanganya hata milioni, kwa namba ya mtu asiyemjua, ili apewe dola za mtandaoni, hizo USDT. Mimi namwambia asome jina linalotokea kabla hajaweka namba ya siri. Kazi yangu inaishia hapo. Kama soko lile lina ruhusa au halina, kama likimfungia mlango atakwenda kugonga kwa nani, hayo sina pa kuyasoma.

Niwasimulie lililonifanya nishike kalamu.

Mtoto wa dada yangu ana mikorosho aliyorithi kwa babu yake kule Tandahimba. Kijana mpole, fundi simu, hanywi wala hachezi kamari. Malipo ya korosho yalipoingia benki alitoa shilingi 600,000 akanunua USDT kwa ile njia ya mtu na mtu wanayoiita P2P: unamtumia mwenzio shilingi kwenye simu, soko linashikilia sarafu katikati, ukishathibitisha zinaachiwa. Sikumkataza. Ningemkataza kwa lipi? Zilikaa miezi kama minne. Ada ya mdogo wake ilipofika akauza sehemu, mnunuzi akamtumia shilingi 310,000, naye akaachia sarafu. Siku ya tatu yake asubuhi akaja kibandani uso umemshuka, akanipa simu: "Mama mdogo, hebu jaribu wewe kutoa." Nikajaribu, muamala ukakataa. Akaunti ya simu ilikuwa imezuiwa. Kumbe ile hela aliyotumiwa iliibiwa kwa mtu wa mkoa mwingine, mwenyewe akaripoti, na kila laini iliyopitiwa na hela ile ikafungwa.

Tulikwenda wote kituo cha polisi. Askari aliyetupokea hakuwa mkorofi hata kidogo. Alifungua kitabu, akaandika jina, akaandika namba ya simu, kisha akauliza hela ilikuwa ya biashara gani.

"Ya sarafu mtandao, afande."

Askari akaiweka kalamu juu ya kitabu. "Na hiyo biashara hapa nchini ni halali?"

Mwanangu akanitazama, nami nikamtazama yeye. Niliona kabisa kwamba yule askari hatutegi. Aliuliza kwa kutaka kujua, maana na yeye hakuwa na jibu. Chumba kizima hakuna aliyekuwa nalo. Mwanangu akasema, "Basi afande, acha tu," akainuka. Tukatoka nje kwenye jua. Hakurudi tena kituoni, na ile 310,000 ipo hukohuko ilikofungiwa.

Mheshimiwa Gavana, lile "acha tu" ndilo lililonitia uchungu kuliko hela yenyewe. Kijana ana haki mkononi, ana ujumbe wa muamala, ana picha za mazungumzo na mnunuzi, na bado anajiondoa mwenyewe kwa hofu kwamba huenda yeye ndiye mkosaji. Wapo wengi wa namna hiyo hapa Mtwara na Lindi. Wakipigwa wanakaa nayo rohoni. Matapeli wanalijua hilo, wanalitegemea.

Baada ya siku ile nikaanza kutafuta mwenyewe. Nilianza na tangazo lenu kwa umma la Novemba 2019. Mlisema sarafu mtandao hazitambuliwi na sheria za Tanzania, kwamba fedha halali ni shilingi, na kwamba kuzifanyia biashara, kuzinadi na kuzitumia ni kwenda kinyume na kanuni za fedha za kigeni. Maneno yanaeleweka. Ningeishia hapo, leo ningekuwa na jibu la kumpa kila anayekaa kwenye benchi langu: hapana, hairuhusiwi.

Lakini Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan, akifungua jengo la tawi lenu Mwanza, aliwataka Benki Kuu mjiandae kwa sarafu hizi, zisije zikawakuta hamjajipanga. Kisha ikaja Sheria ya Fedha ya mwaka 2024. Kuanzia 1 Julai 2024, mwenye jukwaa la kubadilishia au kuhamishia mali za kidijitali, awe mkazi wa Tanzania au asiwe, anatakiwa akate kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo anayomlipa mkazi wa Tanzania. Na tafsiri ya mali za kidijitali ndani ya sheria hiyo inazitaja sarafu mtandao.

Sasa nikae na mteja wangu. Huku kuna tangazo linalosema biashara isifanyike, na hakuna tangazo lililokuja kulifuta. Huku kuna sheria inayosema biashara ikifanyika ikatwe asilimia 3. Nimeelezwa na mtu anayejua sheria kwamba kutoza kodi si kuhalalisha, kwamba mapato hutozwa kodi kwa kuwa ni mapato, na ruhusa ya biashara yenyewe hutolewa na chombo kingine. Nimemwelewa. Lakini ilinibidi nielezwe mara mbili, na mimi ni mtu wa hesabu kutwa. Kijana wa miaka ishirini na moja pale stendi ya Mkanaledi hana wa kumweleza. Anayemweleza ni kiongozi wa kundi la WhatsApp, naye anamwambia hivi: "Si mnaona serikali inakata kodi? Tayari imekubali. Ingizeni hela."

Hapo ndipo ninapowalaumu, kwa heshima zote. Sheria mlizitunga wenyewe, zote mbili zina sababu zake, lakini hamjazikalisha pamoja na kuzieleza kwa Kiswahili ambacho mkulima wa Nanyamba atakielewa. Ile nafasi mliyoiacha katikati imeshakaliwa na watu wabaya.

Nimetaja Nanyamba kwa kuwa yuko mzee wa huko aliyenijia Novemba, mfuko wa nailoni umekunjwa mara tatu mkononi. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Nisomee hizi, uniambie kama ni za serikali." Akatoa karatasi mbili. Alikuwa amepewa na vijana wanaokusanya hela za watu kwa ahadi ya kuziweka kwenye soko la kripto na kurudisha faida kila wiki.

Karatasi ya kwanza ilikuwa ya Kiingereza, ina nembo na lugha ya kiofisi, inasema kampuni imesajiliwa Marekani kama mtoa huduma za fedha. Nilipokuja kuifuatilia nikaelewa ni nini. Marekani wana ofisi inaitwa FinCEN, kazi yake kufuatilia utakatishaji wa fedha. Kampuni inayohamisha hela za watu inatakiwa ijiandikishe kwao. Hiyo ni kujiandikisha tu. Ofisi ile yenyewe inatahadharisha kwamba jina kuwemo kwenye orodha yake si uthibitisho kwamba kampuni ni nzuri wala si leseni ya kuaminiwa. Huku kwetu karatasi hiyohiyo inatembezwa vijijini kama leseni ya Marekani.

Ya pili ilikuwa cheti cha BRELA. Hiki kinaangusha watu wengi zaidi, kwa sababu ni cha kweli. BRELA wanasajili kampuni. Mtu anayefungua duka la vitenge na mtu anayefungua kampuni ya ulinzi wote wanapita hapo. Cheti kinasema kampuni ipo na jina lake ni hili. Hakisemi kwamba inaruhusiwa kupokea amana za watu, jambo ambalo leseni yake hutoka kwenu Benki Kuu, wala kwamba inaruhusiwa kukusanya hela za uwekezaji, ambako kuna Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Namba ya mlipakodi nayo ni hivyohivyo. Nikamwambia mzee, karatasi hii ni ya serikali, ila haisemi wanachosema wao kwamba inasema.

Akanyamaza kidogo. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko uleule akatoa karatasi ya tatu, ya chama chake cha msingi, inayoonyesha kilo alizopeleka ghalani. "Hii naijua. Nikikosa hii najua nimeuza kwa kangomba. Sasa hiyo ya kwenye simu, karatasi yake ni ipi?"

Waheshimiwa, sisi watu wa korosho tumefundishwa kumtambua mnunuzi. Si kwamba tumezaliwa tunajua. Kangomba, yule anayekuja wakati wa njaa na hela kidogo na kubeba korosho zako kabla msimu haujafika, alitutesa miaka na miaka. Serikali ikasema ni marufuku, haikuishia kusema. Ikatuwekea njia ya kuonekana: korosho unapeleka AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, AMCOS inapeleka ghala kuu, mnada unatangazwa siku na mahali, bei inasomwa hadharani mbele ya wakulima, mnunuzi anajulikana ameidhinishwa, hela inaingia kwenye akaunti yako ya benki. Msimu wa 2018/2019, serikali ilipoamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, tulihakikiwa ili kangomba asilipwe kwa jasho la mkulima. Uhakiki ule ulichelewesha malipo na watu waliumia, sitaficha hilo. Lakini leo mtoto wa darasa la sita kule Newala atakwambia tofauti ya mnunuzi wa mnadani na kangomba.

Kwenye sarafu mtandao mmetuachia nusu ya kwanza tu. Mmesema marufuku, basi. Hakuna ghala, hakuna mnada, hakuna bei inayosomwa, hakuna pa kwenda kuuliza huyu ni nani.

Na hela ipo. Mwaka 2024, minada ilipoanza kuendeshwa kupitia Soko la Bidhaa, mnada wa kwanza bei ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Mkulima wa magunia kumi ana hela ya maana mkononi. Mimi naziona zinavyopita mezani kwangu kuanzia Novemba hadi Januari, na naziona zinakokwenda. Mabati. Pikipiki. Ada. Mahari. Na sasa, kwa vijana, sarafu mtandao.

Kwa kuwa jibu lenu halijafika, niweke hapa yale niliyojifunza, ili anayesoma barua hii leo apate pa kushika.

La kwanza, na ndilo linalowachanganya wengi: programu kufunguka kwenye simu yako si ruhusa. Soko kukubali namba inayoanza na 255, kuonyesha bendera ya Tanzania na kukubali NIDA yako maana yake ni kwamba wao hawajaamua kukufungia. Masoko haya huwa na orodha ya nchi wasizozihudumia, nayo mara nyingi huandikwa kwa kuogopa vikwazo vya Marekani na Ulaya, au kwa sababu mdhibiti wa nchi fulani amewafukuza. Nchi isipokuwemo kwenye orodha hiyo haimaanishi serikali yake imewapa leseni. Na ukisoma masharti yao, yale maandishi marefu tunayobofya "nakubali" bila kuyapitia, utakuta karibu kila soko limeandika kwamba ni wajibu wa mteja kuhakikisha sheria za nchi yake zinamruhusu. Yaani swali analoniuliza mteja wangu, soko limemrudishia yeye mwenyewe alijibu.

Tafuta jina la kampuni, si jina la programu. Liko chini kabisa ya ukurasa au ndani ya masharti. Utashangaa: jina unaloliona kwenye matangazo ni moja, kampuni unayofunga nayo mkataba ni nyingine, imesajiliwa Shelisheli au Visiwa vya Cayman. Ukidhulumiwa, kesi yako iko huko, si katika Mahakama ya Wilaya ya Mtwara.

Wakikwambia washa VPN, ile programu inayoficha nchi uliyopo, ndipo soko lifunguke, simama hapohapo. Maana yake soko limefunga mlango kwa nchi uliyopo nawe unaingilia dirishani. Kuweka hela watakuacha uweke. Siku ya kutoa ndipo wanapoomba uthibitisho wa makazi, na wakikuta ni Mtwara wana sababu ya kukufungia iliyoandikwa kwenye masharti uliyoyakubali. Zaidi ya hapo, tangu Oktoba 2023 TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano, imetaka wanaotumia VPN wajiandikishe.

Na programu isishushwe kwa kiungo cha WhatsApp au Telegram. Yapo masoko bandia yaliyonakiliwa rangi, nembo, kila kitu, na herufi moja tu kwenye anwani ndiyo tofauti.

Hayo ni ya mtu mmoja mmoja kujikinga. Lakini yote hayo hayajibu swali la yule askari. Jibu la askari mnalo ninyi peke yenu.

Wenzetu wanalijibu. Afrika Kusini mwaka 2022 mamlaka yao, FSCA, ilitangaza kwamba mali za kripto ni bidhaa ya kifedha, na Juni 2023 ikaanza kupokea maombi ya leseni. Leo mtu wa Durban anaandika jina la kampuni kwenye tovuti ya mamlaka ile, anaona kama ina leseni na namba yake. Uingereza tangu 2020 wanazo orodha mbili, moja ya kampuni zilizosajiliwa na nyingine ya zile wanazowatahadharisha watu. Kenya, jirani kabisa, Oktoba 2025 Rais Ruto alisaini sheria ya watoa huduma za mali hizi, leseni zikawa mikononi mwa benki kuu yao na mamlaka yao ya masoko ya mitaji. Sisemi tuwaige. Nchi inaweza kuamua kukataa kabisa, na uamuzi huo ukawa wa busara. Ninachoomba ni kwamba, mkikataa au mkikubali, raia ajue.

Na kukataa kunazo sababu, nazijua. Bitcoin moja, ile sarafu mtandao inayojulikana kuliko zote, Novemba 2021 ilikaribia dola 69,000. Novemba iliyofuata ilishuka chini ya dola 16,000. Kwa sisi tunaohesabu miaka kwa misimu, aliyeweka hela za korosho za msimu mmoja, msimu uliofuata hakubaki hata na robo yake. Novemba hiyohiyo ya 2022 soko la FTX, lililokuwa miongoni mwa makubwa duniani na kutangazwa na wanamichezo maarufu, liliomba ulinzi wa mufilisi na wateja wakafungiwa hela zao.

Kuna jambo kwenye kesi ile ya FTX ambalo naomba mlitazame, kwa sababu linagusa hasa ninachokidai. Julai 2025 wasimamizi wa mali za FTX waliiomba mahakama ya Marekani utaratibu ambao ungeweza kuwanyima malipo wateja wa nchi 49, China ikiwemo, kwa hoja kwamba sheria za nchi hizo juu ya kripto zinazuia au hazieleweki. Wateja wakapinga, na baadaye ombi likaondolewa. Lakini angalieni hatari iliyokuwepo: mtu ameshapoteza, fidia ipo mezani, na swali linaloamua kama alipwe ni "kwenu hii ni halali?" Lilelile la kituo chetu cha polisi, safari hii limeulizwa na wanasheria wa Delaware.

Mtaniambia kutoa orodha ni kazi kubwa. Nami nawakumbusha kwamba mmeshaifanya. Novemba 2024, mikopo kausha damu ya mitandaoni ilipowachosha Watanzania, watu wanapigiwa simu ndugu zao na kudhalilishwa, Benki Kuu mlitoa orodha ya programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Majina, moja baada ya jingine. Niliichapisha nikaibandika kwenye ubao wa kibanda changu. Sijui kama mnajua kazi iliyofanywa na karatasi ile. Mama mmoja muuza samaki wa Shangani alipitisha kidole jina kwa jina, akafika kwenye moja, akasema "Huyu hapa!" kwa sauti ambayo wa benchi wote waligeuka. Alikuwa akisumbuliwa na programu ile, akiamini ni halali kwa kuwa ilikuwa na nembo nzuri. Kuanzia siku hiyo akaacha kujificha na simu.

Basi ninachoomba ni karatasi kama ile.

Wekeni ukurasa mmoja wa Kiswahili, wenye tarehe ya mwisho kurekebishwa, unaosema soko gani la sarafu mtandao lina ruhusa ya kuhudumia watu Tanzania. Kama hakuna hata moja, andikeni hivyo: hakuna. Neno moja hilo ni jibu kubwa. Chini yake orodhesheni masoko na makundi mnayotahadharisha nayo, na msiisubiri orodha ikamilike ndipo muitoe.

Fafanueni tangazo la 2019 kwa kulitazama pamoja na kodi ya 2024. Kuwa na sarafu kwenye simu ni kosa? Kuuza ulizonazo ni kosa? Kijana anayetengeneza tovuti kwa mteja wa nje na kulipwa USDT amekosa nini, na afanye nini sasa? Wakala kama mimi, nikimtumia mtu hela nikijua inakwenda kununua kripto, nimeshiriki kosa? Hili la mwisho linaninyima usingizi, kwa sababu leseni ya uwakala ndiyo inayosomesha wanangu wawili.

Wengi huku wana kiswaswadu, hawana simu ya kufungua tovuti. TCRA mmeshatuonyesha kwamba inawezekana: napiga *106# naona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu, ujumbe wa tapeli naupeleka 15040. Wekeni njia ya namna hiyo, mtu aandike jina la soko, arudishiwe jibu.

Wapeni polisi mwongozo. Anayekuja kuripoti kuibiwa apokewe kama aliyeibiwa, na kama kuna kosa upande wake litazamwe baadaye kwa utaratibu. Askari wetu akiwa na ukurasa mmoja mezani hataweka kalamu chini.

Na mje. Benki Kuu mna tawi hapahapa Mtwara, tunalipita kila siku. Vyama vya msingi vina mikutano mikuu, wakulima wanakaa chini ya mwembe kutwa nzima wakijadili makato ya gunia na salfa. Saa moja ya ofisa wenu kwenye mkutano kama huo, kule Tandahimba, Masasi, Ruangwa, Liwale, ingefika mbali kuliko tangazo la gazeti. Mje kabla ya ufuta kuanza kulipwa katikati ya mwaka, na mrudi tena Septemba kabla ya korosho. Wenye makundi ya WhatsApp hawasubiri. Wao wanajua ratiba ya minada kuliko sisi.

Niliwahi kuuliza haya mdomoni katika ofisi moja ya umma. Mhudumu alinisikiliza vizuri, akaniambia, "Mama, hilo liko juu." Nimeshika neno lake, nimepandisha huku juu.

Mwanangu bado anatengeneza simu pale karibu na soko. Karatasi zake za muamala ninazo mimi, nimeziweka ndani ya daftari, pamoja na tarehe na namba ya kumbukumbu. Mkitoa mwongozo, nitamchukua tena kwa mkono turudi kituoni, na akiulizwa lile swali awe na ukurasa wenu wa kumpa askari.

Kibanda nafungua saa moja asubuhi, kasoro Ijumaa mchana.

Wakala wa pesa za simu,
Magomeni, Mtwara Mikindani